Daftari la Grisi

Saa kumi na moja alfajiri. Kamalondo imenyamaza,
baa ya mwisho imekunja viti vyake.
Nafungua kufuli, siwashi taa.
Mashine nazigusa kwanza kwa kiganja,
kama mganga anavyoshika paji la mgonjwa
kabla ya kumuuliza jina.
Baridi. Baridi. Hii ina unyevu:
jasho la jana, halikufutwa.

Jasho lina chumvi, na chumvi ina subira.
Hutafuna chuma bila meno.

Hayo niliyajua Kipushi, miaka kumi na tisa
kando ya mkanda uliobeba mawe.
Mkanda ukilia, tulisimamisha.
Usipolia, tulitega sikio zaidi.
Walipotupunguza nilitoka na vitu viwili,
kikohozi na sikio hili.
Vingine viwili vilibaki kule.

Bwana Nawej, mwenye ukumbi,
alinionyesha picha kwenye simu:
mashine kumi na nne, zote nyekundu, zinang'aa.
Chumba chenyewe hatua tisa kwa kumi na moja.
Nikachukua chaki, nikachora sakafuni
kila mashine na kivuli chake,
nikamwambia alale katikati, anyooshe mikono.
Akagonga ukuta.
Tukanunua nane.

Hela zilizosalia nilimwomba azifiche:
za kebo, za beringi, za mkanda wa akiba.
Alinitazama kama bwana harusi
anayeambiwa anunue na sanda.

Mwezi wa tisa vumbi jekundu hupita chini ya mlango,
huingia ndani ya mota, hulala humo kama paka.
Nalitoa kwa brashi ya kupakia rangi.
Na umeme, ukikatika,
nachomoa plagi zote, nangoja dakika kumi baada ya kurudi,
maana hurudi na hasira.
Umeshaniunguzia kadi mbili.
Vijana hunung'unika gizani. Wanung'unike.

Jana, mashine ya tatu, ile ya kuvuta kutoka juu:
nyuzi tatu zimekatika kwenye kebo,
tatu kati ya arobaini na tisa.
Nimezihesabu kwa ukucha.
Nikafunga kipande cha kitenge kwenye mpini: marufuku.

Kabulo, mlinzi wa benki, shingo kama kinu,
akaja juu:
"Nyuzi tatu tu, mzee! Nimelipa mwezi mzima!"
Sikujibu. Nilikuwa nafuta mikono kwa tambara,
kidole kimoja kimoja.
Akautazama mkono wangu wa kushoto.
Akahesabu.
Akaenda kubeba vyuma vya mkononi, kule pembeni,
bila neno.

Saa mbili huja Mama Ngoie,
daktari wa Sendwe amemwambia atembee.
Hupanda mashine ya kukimbilia na kandambili zake,
nami kila siku namvua, namvisha raba za mjukuu wangu.
Anatembea pole, ameshika vyuma pande zote mbili,
ananisimulia bei ya unga.
Mkanda chini yake haupigi kelele.
Alfajiri niliukaza robo ya mzunguko, kushoto, kisha kulia.
Anadhani mashine hii ni mpya.

Daftari, ukurasa wa sitini na mbili:
Ya kwanza, grisi. Ya pili, bolti moja.
Ya tatu, kebo, bado.
Bosi ameahidi Ijumaa.
Ijumaa ipi, sikuandika.