Siku ya Kuumwa Haimo Kwenye Ratiba

Bupe amelala na sare ya kazi, soksi mguu mmoja.
Nami nimetandaza mitaala mezani
kama ninavyotandaza nati juu ya gazeti
nisije nikasahau ipi ilitoka wapi.

Wa kwanza ni wa serikali.
Vitabu nimevipata Kariakoo, vimeshatumika,
picha zimechorwa masharubu na mtoto aitwaye Kidawa,
ameandika jina lake kila ukurasa.
Bei naiweza. Lugha naijua.
Ila umepangwa kwa kengele,
mstarini saa moja na nusu, vipindi nane,
na damu ya Tusekile haisikii kengele.

Wa pili umetoka ng'ambo, karatasi zinanukia upya.
Hesabu zake zina tufaha na theluji,
mtoto anagawa peremende kwa marafiki sita
wala hapana anayemnyang'anya.
Mzuri, sitasema uongo.
Kisha nikafika nyuma, nikakuta ada kwa dola,
nikahesabu friji ngapi nizijaze gesi kwa muhula mmoja,
nikaufunga taratibu, kama mlango wa chumba cha mgonjwa.

Wa tatu hauna karatasi.
Unakaa ndani ya tableti, mwalimu wake hachoki, hachapi.
Anakula bando tu.
Na umeme ukikatika Tabata nzima, kama jana,
naye anazima katikati ya neno "kwa hiyo".

Afisa elimu wa kata alinitazama
kama mtu aliyeomba kibali cha kuzika paka makaburini.
"Na mtihani wa la saba ataufanyia wapi? Jikoni?"
Jirani yetu Shukuru, mwalimu mstaafu, akauliza kwa upole:
"Asiyekaa na wenzake atajifunza wapi kugombana?"
Hilo sikulijibu.
Naliogopa kuliko dola.

Wateja wangu huwaambia:
usinunue friji kwa kupenda mlango,
pima kwanza jiko lako, pima na waya wako.
Leo fundi nimekaa na futi mkononi
sijui nianze kupima wapi.

Saa tano usiku akatoka chumbani,
macho manjano, kanga ya mama begani.
Hakuuliza bei.
Akapitisha kidole kwenye ratiba zote tatu,
Jumatatu mpaka Ijumaa, polepole,
kama anayetafuta jina lake kwenye matokeo.
"Baba, siku ya kuumwa iko wapi?"

Haimo.

Seli mundu, alisema daktari, akatuchorea mundu.
Tangu hapo nahesabu mavuno yake:
muhula uliopita, siku ishirini na tatu,
zimekatwa, zimelazwa, hakuna wa kuziokota.

Ila nakumbuka wodi ya Amana.
Amelala, anatazama chupa ya dripu:
"Imebaki theluthi." Nesi akasema robo.
Wakabishana. Nesi akainama, akasoma mistari,
akacheka, akasema haya, umeshinda.
Theluthi ile hakufundishwa na mtu.
Hata mimi ningesema robo.

Basi tumeshika mkasi.
Vitabu vya Kidawa vibaki, kwa kuwa mtihani utakuja
na lazima aukute anaujua kwa sura.
Vipindi nane viwe vitatu, na kila kipindi kikombe cha maji.
Jumamosi akacheze rede na watoto wa nyuma ya msikiti,
akagombane, akapatane, akirudi anisimulie.
Kutoka ule wa ng'ambo ameomba ukurasa mmoja,
ule wa theluji. Anaunakili kwa mkono,
anasema ni wa siku za homa.

Bupe ameamka. Anasoma amesimama,
soksi bado moja.
"Na Kiingereza atafundisha nani? Wewe?"
Sina jibu.
Anavuta kiti, anakata mstari wangu, anaandika wake,
anauliza penseli iko wapi.
Muhula mmoja, anasema. Tuone.