Nyuma ya Kalenda

Nimeipindua kalenda ya mwaka jana,
nikapiga mstari katikati:
huku Wete, kule Shimoni kwa Mize, binti wa ami.
Yeye ataja simuni, mimi naandika.

Sukari: yake ghali.
Umeme: yeye auita stima, nao humzimikia
kama unizimikiavyo mimi. Hapo sare.
Skuli: wanawe wana vitabu;
wangu wamo tisini darasa moja.
Nikaandika tisini, nikaifuta,
nikaiandika tena.

Kujifungua: mimi sikulipa,
ila uzi na glavu nilinunua dukani kwa Faki.
Mize aliuza cherehani.
Ya mguu, akasisitiza, ile nzuri.

"Na kitambulisho, umekitia?"
Nikamwambia hicho hakipikwi, hakivaliwi.
Akacheka, kisha akanyamaza
hata nikadhani simu imekatika.
Alivuka yu mgongoni mwa mamake.
Kule kakua, kule kazaa,
na miaka yote hiyo, akienda sokoni,
hupita vichochoroni nyuma ya msikiti
asikutane na kofia ya askari.
Mwaka juzi ndio wamempa.
Kakitia plastiki, hulala nacho mtoni.

Safu yangu ilingoja.
Changu kimo kabatini, chini ya risiti za maji,
pembe imeliwa na mende.
Sikujua niandike bei gani.

Mama, akichambua mchele, akauliza:
"Basi wapi kwema?"
Nikamwonyesha simu.
Salio limekwisha, Mama.