Uvimbe Mlangoni

Tulifika Isevya saa mbili asubuhi,
wanafunzi wanne, skana moja ya kuazima,
na karatasi ya Mwalimu Kabika yenye amri tatu:
Pimeni tembe. Chongeni tembe. Msinipambie.

Tukasimamisha miguu mitatu ya mashine uani,
kati ya kinu na mafiga,
na Mwasiti, bingwa wetu wa jiometri, akatangaza:
"Dakika nne tu. Asitikisike mtu."
Kuku hawakusikia.

Kichwa cha skana kikaanza kuzunguka
polepole, kama mtu anayetafuta sindano,
kikirusha mwanga usioonekana ukutani
na kuhesabu ulivyokawia kurudi.
Hivyo ndivyo kinavyojua umbali: kwa kukawia.
Mama yangu naye hupima hivyo
akinituma sukari.

Dakika ya tatu maharage yakaanza kunuka kuungua.
Bi Nyamizi hakuomba ruhusa ya leza.
Alivuka ua, akaepua sufuria,
akaingia ndani, akatoka na kata ya maji,
akaingia tena,
akatutazama tulivyojikausha kama vinyago
akacheka mpaka akashika mlango.

Usiku, gesti ya karibu na stesheni,
umeme ukienda na kurudi kama mgeni asiyeaga,
tuliiona nyumba yake ikielea kwenye kompyuta:
nukta milioni arobaini,
vumbi lililojipanga.
Ukuta wa kaskazini umelalia nje sentimita tisa.
Shija akaapa skana imelewa.
Alfajiri tukarudi na timazi, uzi na jiwe:
tisa, na kidogo.

Kile kioo cha kunyolea cha marehemu mumewe,
kilichotundikwa barazani,
kilikuwa kimetuzalia chumba nyuma ya ukuta,
chumba kidogo, chenye nusu ya mpapai,
ambacho hakuna aliyekijenga.

Na mlangoni, yeye.
Si mtu kamili: pindo la kitenge, kiwiko,
kata ikielea bila mkono,
tena pindo, tena kiwiko,
hatua moja mbele.
Programu iliviita vyote kelele.
Ikauliza kwa adabu: Nifute?

Mwasiti akafuta chumba cha kioo.
Akafuta kuku. Akakata ua wote,
ubaki mstari safi wa kuta.
Kidole changu kikafika mlangoni, kikasita.
"Huo si usanifu," akasema.
Nikasema najua.
Nikahifadhi.

Chuoni tukafunga kipande cha mninga mezani,
ncha ya chuma ikashuka,
na kwa saa sita karakana ikajaa kelele, hizi za kweli,
na unga mwekundu puani.
Ikachonga paa bapa, vichwa vya boriti, ukuta uliolala,
nusu milimita kwa nusu milimita,
bila kiu, bila kwenda kuvuta sigara
kama afanyavyo Mihambo wa stoo,
ambaye alikuja, akapitisha kidole gumba, akasema tu:
"Haijui kwamba mti una upande."
Kweli, kona ya kusini ilikuwa imechanika nyuzi.

Mwalimu Kabika aliinama, miwani mkononi.
Hakugusa paa. Hakugusa ukuta tuliojivunia.
"Na huu uvimbe mlangoni? Kosa la mashine?"

Nilikuwa na jibu la kitaaluma,
nililolikariri ndani ya behewa tangu Tabora,
lenye neno "ukaaji" mara mbili.
Likatoka hili:
"Ni Bi Nyamizi, mwalimu. Maharage yalikuwa yanaungua."

Shija akatazama dari.
Mwalimu akaugusa ule uvimbe, mdogo kuliko punje ya mtama,
akaupapasa kama anayesoma gizani,
akaandika.

Alama sitini na mbili.
Na pembeni, kwa penseli, maandishi ya haraka:

Mafiga yako wapi?