Mkono wa Pili

Kabla ya ile simu, simu nilikuwa mimi.
Miaka tisa, nimesimama juu ya kigoda,
mkonga umenifunika nusu ya uso,
naiambia benki, "Mama anasema,"
naiambia hospitali, "Baba anauliza,"
na mwenye nyumba akifoka kwa ajili ya kodi
nilimchuja: machicha ya matusi yakabaki kwangu,
wazazi nikawapa tui tupu,
*Anaomba tulipe Ijumaa.*

Wazazi wangu ni viziwi.
Baba, Gapsu, ni fundi saa karibu na stesheni ya Daegu,
hutengeneza kitu ambacho hajawahi kukisikia.
Huweka kidole mgongoni mwa saa,
hungoja, kisha husema kwa mkono,
*Inapumua.*

Simu yenyewe ilikuja nilipotimiza kumi na sita,
ina jicho dogo juu ya skrini
na antena ya kuvutwa, nyembamba kama mguu wa panzi.
Muuzaji akanieleza mimi, si wao,
raha ya kutazama mpira ukiwa njiani.
Mama akamkatiza. Akaonyesha lile jicho,
akaonyesha kifua chake,
kisha mbali, upande wa Gwangju.

Okja. Walilala kitanda kimoja shule ya viziwi.
Tangu aolewe wameandikiana barua,
lakini kwa mama barua ni kiatu cha kuazima:
unafika, ila vidole vimechubuka.

Usiku ule ikaita, yaani ikatetemeka mezani,
na vijiti vikatetemeka nayo bakulini.
Okja akatokea. Amenenepa, hana jino moja, anacheka.
Mama akashika simu kwa kushoto,
akaanza kusema kwa kulia,
akakwama.
Nusu ya maneno ilikuwa kwenye mkono ulioshika simu.
Mkono mmoja haulei mwana;
kumbe hausimulii miaka ishirini pia.

Nikanyoosha wangu niishike, mazoea ya kuwa mlingoti.
Akanitikisia kichwa.
Akaiegemeza kwenye chupa ya mchuzi wa soya,
akarudi nyuma hatua moja,
akakunja mikono ya sweta,
akasema.

Sijaona nyumba kimya ikipiga kelele vile.
Walikatizana, walirushiana vijembe,
walimteta mwalimu aliyekwisha kufa.
Mara mbili picha iliganda,
Okja akabaki na vidole hewani,
neno likining'inia kama shati kwenye kamba
mpaka mtandao ulipopita kulianua.

Nilielewa kila kitu, na hakuna aliyeniuliza kitu.
Nikaenda kuosha vyombo.
Nililia kidogo. Bega likituliwa mzigo
kwanza huwasha.

Baba yeye alitaka habari.
Kibandani huvuta antena, huegemeza simu
kwenye saa ya ukutani iliyoshindikana.
Pembeni mwa luninga yuko mkalimani wa ishara,
na katika skrini ile amekuwa punje ya ufuta.
Basi baba huvaa kioo chake cha kazi, jicho la kulia,
akainama juu ya dunia
kama anavyoinama juu ya saa ndogo ya kike.
Tufani inakuja kusini. Vitunguu vimepanda bei.
Mteja akapunga risiti mbele ya pua yake;
baba akainua kidole:
*Subiri, waziri anadanganya.*

Sasa ninaishi Incheon.
Jana mama alipiga niko kwenye treni,
mkono huu mfuko wa kabichi, huu simu.
Nikamtazama tu, kama bubu.
Akatazama mfuko, akaelewa.
*Shuka kwanza,* akasema.

Nikashuka kituo kisicho changu.
Kabichi nikazitua sakafuni,
simu nikaiegemeza juu ya mashine ya kahawa,
nikarudi nyuma hatua moja.
Treni tatu zilipita nyuma yangu.
Mama alizihesabu yeye.