Folda za Reijo

Reijo kastaafu Ijumaa.
Kaacha kikombe, soksi za sufu chini ya meza,
na folda tatu kwenye mashine:
mpya,
mpya_2,
mpya_hii_ndiyo.

Ndani yake, barafu ya mto kwa miaka kumi na tisa,
unene wake kila asubuhi, kwa sentimita,
na msimbo wa kuisoma, kwa lugha yenye jina la chatu,
toleo ambalo chatu mwenyewe keshajivua kama gamba.

Hapa Oulu ni saa tisa alasiri na giza limeshakaa kitako.
Nasimika chatu mpya. Namjengea chumba chake,
mazingira yenye ua,
asije akala vya mfumo, mfumo ukala vyake.
Namtuma alete maktaba ya kwanza.
Haipo, anasema.
Ipo, naiona kwa macho yangu!
Haipo, anasema, kwenye njia ninayoijua.

Sawa. Namwonyesha njia.

Kisha napanga. Kilichonakiliwa mara nne nakifanya kimoja.
Kuna kazi inaitwa rekebisha. Warekebisha nini wewe?
Kumbe inageuza sufuri kuwa tupu,
maana sufuri ni mto usio na barafu
na tupu ni asubuhi ambayo hakuna aliyekwenda kupima.
Naipa jina lake.

Saa tano usiku nakuta faili la mistari mitatu:
ruka tarehe 14 Aprili, mwaka ule tu.
Kipimo ni kizima, sentimita thelathini na nne.
Hitilafu, najisemea. Nafuta.
Grafu inapata nukta moja zaidi, wala haiyumbi.

Asubuhi nampigia Reijo, kwa desturi tu.
Maji yanalia juu ya mawe ya sauna.
Anakaa kimya, hata nikadhani simu imekatika.
“Kipimo kile alikisoma Veikko kwa redio.
Kipimo kilifika.”

Nimelirudisha lile faili, pamoja na mengine,
kwenye maktaba yenye jina moja na mlango mmoja.
Nimeandika orodha: kila kifurushi na toleo lake,
ili atakayekuja asihangaike kama mimi.
Kwenye mistari mitatu nimeongeza wa nne,
maelezo ambayo chatu huyapita bila kusoma:
Veikko Halmetoja. Usiguse.

Majaribio yote yamepita.
Soksi sijaziondoa.