Mfuko Nyuma ya Mlango

Nimeupanga, nimeupangua, nimeupanga tena:
leso nne zilizofuliwa mpaka rangi ikachoka,
wembe ndani ya karatasi yake, uzi, pamba,
beseni la buluu, kadi ya kliniki,
na kofia ya sufu, ndogo kama kifuu,
aliyoifuma wifi yangu Mwanajabu. Eti baridi.
Baridi gani, Langoni, mwezi wa Machi?

Lali ananiuliza, mbona wahesabu kila siku?
Nimwambie nini mtu anayekoroga chokaa,
anayejua ukuta hukauka kwa siku ngapi?
Kazi yangu mimi haina timazi.

Nilimuuliza Nesi Kadzo:
naweza kuzaa nikiwa nimechuchumaa?
Akakitazama kitanda kile chenye vyuma vya miguu,
akautazama mlango, akasema polepole:
"Mama, wewe njoo mapema tu.
Sakafu hiyo naipiga deki mwenyewe."

Dada yangu Shamsa alipasuliwa.
Kovu lake hunionyesha bila haya,
limelala chini ya kitovu
kama tabasamu la mtu asiyekupenda.
Lakini kisu kile ndicho kilichomleta Munir,
na Munir yule pale, anaparamia ukuta wa jirani.
Sikitukani.
Ila naomba: ikiwa mlango upo,
nipite mlangoni.

Alhamisi huja Bi Somoe na chupa ya mafuta ya ufuta.
Siku hizi hazalishi. Hukanda, husindikiza.
Haligusi tumbo kabla ya kubisha hodi:
hugonga mara mbili kwa kidole, husubiri,
na wallahi kuna anayemjibu.
"Kitwa ki tini," akaniambia juzi.
"Mwana ajua ndia. Wewe usimzibie."
Akanifundisha kupumua.
Uchungu, alisema, ni mtu anayefungua mlango
uliovimba kwa mvua:
husukuma, hupumzika, husukuma.
Ukimkemea, atakawia.

Jumanne, kichochoroni, punda wa mzee Famau alizaa.
Watoto wa chuoni wakakatazwa kutazama, wakatazama.
Hakulala chali.
Alizunguka, akasimama, akaulamba ukuta,
akalala ubavu, akainuka tena
kama mtu aliyesahau kitu chumbani.
Hakuna aliyempigia kelele ya sukuma, sukuma.
Nikajikuta nimeshika tumbo, napumua naye,
mimi mke wa fundi
na yeye mwenye kidonda cha shogi mgongoni,
mpaka kwato mbili zikatokeza, laini, kama zimelowekwa.

Usiku naogopa. Nisiseme uongo.
Nyanya yangu, mzaa mama, alifia kitanda cha kamba,
mtoto akiwa nusu ya safari,
na wanawake watano wanamwombea.
Ndiyo maana sitabaki nyumbani.
Nimekwisha ipima njia ya hospitali:
hatua mia nne na kumi na mbili,
na mabaraza sita ya kukalia, uchungu ukinikamata.
La nne lina ufa. La tano ni la watu wasionisalimu,
nitalikalia vivyo hivyo.

Nakwambia wewe pia, uliye humo ndani:
sijui kama nitaweza.
Nitataka kutembea, nitataka kunyamaza,
labda nitamtukana baba yako.
Ikibidi kisu, basi kisu, tutaonana upande wa pili.
Lakini tuanze sote wawili, polepole,
bila kuburutwa.

Jana mfukoni nilikuta kitu sikukitia:
timazi ya Lali, imeviringishwa kwenye leso ya chini.
Nikamuuliza, hii ya nini?
"Ya kushika," akasema. "Ina uzito."
Akaendelea kujikwangua chokaa kwenye kucha.

Sikuitoa.
Nilichotoa ni ile kofia ya sufu.
Halafu, kabla ya adhana ya alfajiri,
nikairudisha.