Sikudhani

Wiki tatu nililifanyia mazoezi neno lile
kuliko nilivyowahi kuufanyia mpira.
Nililisema kwenye foleni ya maji, nikiwa ndoo ya nne toka bombani.
Nililisema ndani ya ukungu wa Julai, ule wa Newala
unaomeza mpaka mlingoti wa bendera shuleni,
nikijua hautanitangaza.

Mama alikuwa uani anabangua korosho,
vidole vyeusi kwa mafuta ya maganda,
jivu kwenye kisahani,
redio imezimwa, betri zinatunziwa taarifa ya habari.

Mama, netiboli nataka kuacha.

Kigongo kikashuka. Ganda likafunguka sawasawa.
Kikashuka tena,
na korosho ikatoka vipande.
Mama yangu hatoi vipande.
Nzima ina bei yake, kipande kina bei ya aibu.

"Nani kakusema?"
Hakuna.
"Goti?"
Goti zima.
"Yule mwalimu wenu," na hapo kigongo akakiweka chini,
"kakugusa?"
Hapana, mama. Wallahi hapana.
"Sasa?"

Hiyo *sasa* sikuwa nimeifanyia mazoezi.

Ningesema masomo, angeongeza mafuta ya taa.
Ningesema raba zimeisha, angeuza debe.
Lakini ukweli wenyewe ulikuwa mdogo, hauna mpini:
nikidaka mpira, sisikii kitu.
Masasi wamefungwa, wenzangu wananirukia shingoni,
pembeni vigelegele, vumbi jekundu mpaka kwenye meno,
na mimi nawaza kama nguo nimezianua.

Na sikuwa mbovu. Mbovu husamehewa.

Picha yake iko sebuleni, juu ya kalenda ya ushirika:
wasichana saba wa timu ya kiwanda, sketi za marinda,
Somoe binti Nangumbi wa pili kushoto,
kaukumbatia mpira kama mtu aliyetoka nao leba.
Mwaka uliofuata nilizaliwa mimi,
mwaka huohuo kiwanda kikafungwa, popo wakahamia.
Hakucheza tena.
Hakuwahi kusema ni kwa ajili ya nani kati yetu wawili.

Ila nilipofika darasa la tatu
alichukua rimu ya baiskeli ya baba,
akaipeleka kwa fundi Chilemba ikatwe, ichomelewe kwa kipimo,
akaisimamisha nyuma ya nyumba juu ya mti ulionyooka
na kuniambia: rusha.
Nikarusha. Miaka saba nimerusha.

Sasa alikuwa anaokota vile vipande
kimoja kimoja, anavipuliza jivu.
Akasema: "Sikudhani."
Ndilo jina langu. Nikaitika, abee.
Akatikisa kichwa.
Hakuwa ananiita.

Tulikula ugali na kisamvu bila taarifa ya habari.
Hakununa; angenununa ningejua pa kuanzia.
Alisema chumvi imezidi. Haikuzidi.

Usiku nikaamshwa na kishindo nyuma ya nyumba.
Du. Kimya. Du.
Nikadhani mwizi wa kuku, nikachukua mwiko,
ndicho kilichokuwa karibu.

Mama, kanga kaifunga juu ya magoti,
mwezi nusu, pumzi inamtoka moshi kwa baridi.
Anarusha. Anakosa.
Anausaka mpira kwenye giza la mihogo, anarudi,
anapima miguu yake kama anayeanza kusali,
anarusha.
Nilihesabu tisa. Zote nje.
Na baada ya kila moja alicheka kidogo, peke yake,
kicheko ambacho humu ndani sikuwahi kukisikia,
cha yule wa pili kushoto.

Wa kumi ukagonga chuma, ukabingirika
mpaka miguuni pangu.

Akaniona. Mwiko mkononi.
Sikujua niombe msamaha au nirudi kulala.
Nikauokota, nikamtupia, nikasema
viwiko, mama, unavitanua mno.

Akaudaka kifuani kwa kishindo, bila kuuangalia.
"Nyamaza," akasema.
"Wewe si umestaafu?"